Kufunika shaba ya njano: verni, nta, au kuiacha wazi?

Maneno kwa wanachama wa Kasongo na Kabambare



Leo tuko na jambo moja la kuamua pamoja. Mafundi wetu wa shaba wameomba kasha la chama linunue verni ya mwaka mzima, pamoja na mashine ya kuipuliza. Mfadhili mmoja amekubali kutoa nusu ya bei. Nusu ingine ni michango yenu, franga zile zile ambazo mnazitarajia kwa mbegu na kwa masomo ya watoto. Njo maana, mbele ya kusema ndiyo, tuelewe kwanza hii kazi: kitu kikisha kusuguliwa na kung'aa, tukifunike na nini ili kisigeuke cheusi mikononi mwa mnunuzi?

Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Mara nyingi sehemu 60 mpaka 70 katika mia ni ile nyekundu, na ndiyo inayokamatwa na hewa, unyevu, moshi na chumvi ya jasho. Hapa kwetu mvua ni ya miezi mingi, na tunapika kwa kuni. Kwa hiyo kung'aa hakukai bure, kunalindwa.

Shaba hii si mgeni katika nchi yetu. Zamani misafara ya pwani ilileta masango, yaani waya wa shaba, kama mali ya kubadilishana, na Kasongo ya Tippu Tip ilikuwa soko kubwa. Upande wa mto mkubwa, kule chini, watu walilipana kwa mitako. Bangili za wakati ule hazikupakwa verni. Mkono wa mvaaji ndio uliozisugua kila siku. Basi swali la kwanza ni hili: kitu hiki kitaguswa na nani, na mara ngapi?

Tuanze na verni. Mmeona tarumbeta za fanfari: nyingi zinang'aa miaka mingi kwa sababu zilipakwa verni kiwandani. Verni inaifungia hewa nje, lakini inadai mambo matatu. Moja, usafi. Baada ya kusugua, osha kwa sabuni, kausha, pangusa kwa asetoni au alkoli, halafu usiguse tena kwa kidole kitupu. Alama ya kidole itabaki chini ya verni na kutokea nyeusi baadaye. Mbili, siku kavu. Ukipaka wakati hewa ni nzito ya mvua, inageuka nyeupe kama maziwa. Tatu, kutokwaruzwa. Ikipasuka mahali padogo, unyevu unaingia pale na weusi unatembea chini yake kama mizizi. Hapo huwezi kutia kiraka vizuri; unaondoa yote na kuanza upya. Sasa bangili ambayo mama anavaa akichota maji na kutwanga, verni yake itadumu siku ngapi? Na aliyeinunua kule Salamabila ataileta kwa nani itengenezwe?

Kuna tena hatari ya moto. Mvuke wa verni unashika moto upesi, na atelie yetu iko na tanuru ndani. Kupuliza verni pale ni kuwaweka vijana wetu hatarini, mapafu na nyumba pamoja.

Njia ya pili ni nta. Nta ya nyuki tunaipata kwa warina asali wetu wenyewe. Iyeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto. Iondoe, ipeleke mbali kabisa na moto, ndipo uchanganye na terebentini mpaka iwe laini. Weka kitu juani kipate joto, paka nyembamba sana, kisha sugua kwa kitambaa cha pamba. Nta haidumu kama verni, lakini ikichoka, mtu yeyote anaweza kupaka tena nyumbani kwake. Angalieni jambo moja: nta ya nyuki ina asidi kidogo, na ikiachwa nene inaweza kuleta kijani. Kwa sababu kama hiyo British Museum, katika miaka ya 1950, ilitengeneza nta yake inayotokana na mafuta ya ardhini, iitwayo Renaissance. Sisi tunaweza kutumia ya nyuki, mradi iwe nyembamba.

Wengine wanasema, "Mbona mawese yanatosha?" Hapana. Mawese yanang'arisha leo, lakini asidi yake inakula shaba, na baada ya muda mnaona kijani kwenye kila pembe.

Njia ya tatu ni kuiacha wazi. Sahani na vikombe visipakwe verni wala nta ya terebentini. Tena vyakula vya ndimu visikae ndani ya shaba tupu, kwani shaba inaingia katika chakula. Mafundi wa zamani walitia bati safi ndani ya vyombo. Ni metali ile inayotoka katika kasiterite, kama ile inayochimbwa Kalima, katika jimbo letu hili hili. Msitie risasi, hiyo ni sumu. Na mkisafisha kwa ndimu na chumvi, suuzeni haraka. Mkichelewa, asidi inaondoa zinki na kuacha madoa mekundu.

Halafu ghala. Msiweke shaba karibu na zizi la mbuzi wala choo. Zamani huko India, jeshi la Uingereza liliweka risasi zake katika mazizi ya farasi wakati wa masika, na maganda yake ya shaba yakapasuka yenyewe. Mwaka 1921 wataalamu walieleza kwamba chanzo kilikuwa amonia ya mikojo. Hakuna nta wala verni ya kutegemea mahali kama hapo.

Na maganda ya risasi mnayookota njiani mkirudi vijijini, msiyapeleke tanuruni. Ambayo haijalipuka inaua. Chuma chakavu chetu kiwe mabomba, vitasa na kufuli za zamani.

Kwa hiyo pendekezo letu ni hili. Mashine isinunuliwe. Tununue kopo moja dogo la verni kwa vitu vya kutundikwa ukutani, vipakwe kwa brashi, nje, siku ya jua. Vinara na vitasa tuvipake nta. Bangili tuziache wazi, na mnunuzi aambiwe jinsi ya kuzisugua. Kisha tutundike vipande vitatu vya shaba moja, kimoja cha verni, kimoja cha nta, kimoja kitupu, ndani ya jiko moja, miezi mitatu ya mvua, kila kimoja na tarehe yake. Mkutano ujao mtaviona kwa macho yenu, ndipo tujue mnunuzi tumwahidi nini.

Marafiki wafadhili, nusu yenu tunaomba ibadilishwe iwe glavu, vitambaa, alkoli na bati. Havipendezi katika picha kama mashine, lakini ndivyo vitakavyotumika.