Petroli Inayovuja kwenye Pikipiki Kuukuu: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Nyumbani

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wahudumu wa bodaboda na wakazi wa Chepseon, Kipkelion Mashariki



Katika vijiji vingi vya Kericho, pikipiki hulala ndani ya nyumba. Mwenyewe hushinda akibeba abiria, magunia ya majani chai hadi kituo cha kununulia na mitungi ya maziwa. Jioni huiingiza sebuleni au jikoni kwa kuhofia wezi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini pikipiki ya miaka mingi inayonuka petroli, ikilazwa hatua chache kutoka kwa jiko la makaa au koroboi, ni hatari kuliko mwizi. Mwizi huenda na pikipiki peke yake. Moto huenda na nyumba na waliolala ndani.

Mazungumzo haya yanaeleza jinsi mwenye pikipiki anavyoweza kujua petroli inavuja wapi, lipi anaweza kulirekebisha mwenyewe, na lipi ni la kumwachia fundi.

Kwa nini tone dogo lisipuuzwe

Petroli si kama mafuta ya taa. Hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hivyo baridi ya asubuhi ya Chepseon haizuii lolote. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautoki kwa kupanda juu kama moshi, bali hutambaa sakafuni na kukusanyika mahali pa chini. Ukifika kwenye jiko lililo upande wa pili wa chumba, moto hurudi nao hadi kwenye pikipiki.

Wakazi wengi wa ukanda huu wanakumbuka Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009. Lori la petroli lilianguka, watu wakajitokeza kuchota mafuta, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafariki. Kinachovuja kwenye pikipiki ni kidogo mno kikilinganishwa na hicho, ila mvuke ni ule ule.

Pia kuna hasara ya mfuko. Mwenye pikipiki anaweza kuipima kwa kopo la bati na kijiko cha chai. Kijiko kimoja ni kama mililita 5. Ikiwa kijiko kimoja kinavuja kila dakika kumi, hiyo ni mililita 30 kwa saa. Usiku wa saa kumi ni mililita 300, na katika mwezi wa siku thelathini ni lita 9. EPRA hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi. Kila mtu azidishe lita hizo 9 kwa bei ya kituo cha karibu naye, aone anachomwaga chini.

Maandalizi kabla ya kugusa spana

Kazi hii hufanywa mchana, nje, mahali penye hewa, na injini ikiwa imepoa kabisa. Pikipiki isimamishwe kwenye stendi ya katikati, mahali tambarare. Watoto wawe mbali, pasiwe na sigara wala jiko karibu, na waya wa hasi wa betri uondolewe ili pasitokee cheche. Ndoo ya mchanga au udongo mkavu iwekwe karibu. Petroli ikishika moto haizimwi kwa maji, kwa sababu mafuta huelea juu ya maji na moto husambaa nayo.

Petroli isinyonywe kwa mdomo ili kuitoa kwenye tangi. Ikiingia kwenye mapafu hata kidogo inaweza kuua. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mafuta yanayotolewa yawekwe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko na alama, si kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kudhani ni kinywaji.

Kisha pikipiki ipanguswe. Tangi, koki, mpira wa mafuta na kabureta vikaushwe kwa kitambaa mpaka pasibaki unyevu wala tope. Unga wa chaki ukinyunyizwa sehemu hizo, petroli itakapopita itaacha mstari. Kipande cha katoni kikitandikwa chini ya injini kitaonyesha tone linaangukia wapi.

Koki ndiyo inayogawa kazi

Makosa mengi hutokea hapa. Mtu huona kabureta imelowa, akanunua kabureta mpya, kumbe petroli ilianzia juu kwenye tangi ikateremka hadi pale. Petroli hufuata chuma na mpira na kudondokea mahali pa chini kabisa. Tone linapoangukia sipo linapoanzia. Kwa hiyo uchunguzi huanzia juu kwenda chini.

Pikipiki nyingi za zamani zina koki ya mkono chini ya tangi. Koki ifungwe, na pikipiki iachwe kwa nusu saa.

Ikiwa petroli inaendelea kutoka koki ikiwa imefungwa, tatizo liko kwenye tangi au kwenye koki yenyewe. Ikiwa imekoma, koki ifunguliwe injini ikiwa imezimwa, na isubiriwe nusu saa nyingine. Ikianza tena, tatizo liko chini ya koki, yaani kwenye mpira wa mafuta au kabureta. Jaribio hili moja huondoa nusu ya mambo ya kutiliwa shaka, na halina gharama.

Juu ya koki

Kwanza ni mfuniko wa tangi. Mpira wake ukikauka na kupasuka, petroli hutoka tangi linapojazwa pomoni, kwenye mlima au kwenye jua kali. Mpasuko huo huo huingiza maji ya mvua. Katika nchi ya chai mvua ni nyingi, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi na kulioza kutoka ndani. Ndiyo sababu matangi mengi hutoboka upande wa chini, mahali pasipoonekana kirahisi. Mwenye pikipiki apitishe kidole chini ya tangi, hasa kwenye maungio na nyuma karibu na kiti.

Pili ni koki. Kati yake na tangi kuna mpira mdogo wa kuziba, na ndani yake kuna mpira mwingine. Ikiwa unyevu uko pale koki inapoungana na tangi, skrubu zikazwe kiasi. Zisikazwe kwa nguvu nyingi, kwani nyuzi zikiharibika itabidi kununua koki nzima. Ikiwa bado inavuja, petroli itolewe kwenye tangi kwanza, ndipo mpira ubadilishwe.

Chini ya koki

Mpira wa mafuta ukunjwe kidogo kwa vidole. Ukiwa mgumu kama mti au una nyufa karibu na klipu, ubadilishwe. Ununuliwe mpira uliotengenezwa kwa petroli. Mrija wa maji hukauka na kupasuka, na kipande cha tyubu ya gurudumu huvimba na kulainika kikikaa ndani ya petroli. Klipu zote mbili ziwe imara, kwa sababu mtetemo wa barabara za murramu huzilegeza. Kazi hii mwenye pikipiki anaweza kuifanya mwenyewe, bora koki iwe imefungwa.

Ikiwa mpira ni mkavu, jicho lihamie kwenye kabureta. Chini yake kuna bakuli dogo la kuhifadhi petroli, na ndani ya bakuli kuna boya, ambalo mafundi huliita floti. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano ndogo inayofunga njia. Sindano isipofunga sawasawa, petroli huzidi na kutoka kupitia mpira mwembamba wa kumwagia ziada. Petroli ikitoka kwenye mpira huo, dalili hiyo ni ya sindano au boya, hata kama kabureta yote inaonekana nzima.

Kabla ya kulaumu sindano, ihakikishwe kuwa pikipiki imesimama wima. Katika miteremko ya Chepseon, pikipiki iliyolazwa sana kwenye stendi ya pembeni inaweza kumwaga petroli bila kuwa na ubovu wowote.

Mara nyingi kinachozuia sindano kufunga ni chembe ya kutu au uchafu kutoka kwenye tangi. Koki ifungwe, chombo kiwekwe chini, na skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli ilegezwe mpaka petroli yote itoke. Kisha skrubu ifungwe na koki ifunguliwe tena. Mkondo mpya wa petroli unaweza kuondoa uchafu huo. Bakuli linaweza pia kugongwa taratibu kwa mpini wa bisibisi ili sindano iachie. Uchafu ukirudi baada ya siku chache, chujio liwekwe au libadilishwe, na tangi lisafishwe.

Ikiwa bado inavuja, sindano imelika au boya limetoboka. Boya lililotoboka likitikiswa karibu na sikio husikika petroli ndani. Ikiwa unyevu uko kwenye ukingo wa bakuli, gaskiti yake imechoka. Asiyewahi kufungua kabureta ampelekee fundi, lakini sasa atafika akijua cha kumwambia, na hatauziwa kabureta nzima kwa ajili ya gaskiti.

Uvujaji usioonekana

Wakati mwingine petroli haitoki nje. Inapita kabureta, inaingia kwenye silinda na kuteremka hadi kwenye oili. Oili huwa nyepesi na kushindwa kulinda vyuma, na injini inaweza kufa ingawa chini ya pikipiki ni pakavu. Kwa hiyo kila pikipiki yenye tatizo la sindano ikaguliwe oili. Kiwango kikiwa kimepanda bila oili kuongezwa, au oili ikinuka petroli, injini isiwashwe mpaka sindano itengenezwe na oili ibadilishwe.

Yasiyofanywa nyumbani

Tangi lililotoboka lisichomelewe nyumbani. Tangi tupu ni hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake kumebaki mvuke uliochanganyika na hewa, na cheche moja hulilipua. Kazi hiyo ni ya fundi anayejua kulisafisha na kuondoa mvuke wote kwanza. Sabuni ya mche ikisuguliwa kwenye tundu dogo huziba kwa muda, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni kwa urahisi. Huo ni msaada wa kufika kwa fundi tu, bila abiria wala mzigo.

Vitambaa vilivyolowa petroli vianikwe nje mpaka vikauke. Visitupwe jikoni.

Mahali pa kulaza pikipiki

Pikipiki ambayo haijatengenezwa isiingizwe ndani ya nyumba, hata usiku mmoja. Ifungwe kwa mnyororo kwenye nguzo au mti ulio karibu na dirisha, au iwekwe kwenye kibanda chenye nafasi wazi chini ya kuta, ili mvuke upate njia ya kutoka. Majirani wa boma kadhaa wanaweza kujenga kibanda kimoja chenye kufuli na kulinda kwa pamoja.

Hata pikipiki nzima ifungwe koki kila jioni. Ni kitendo cha kugeuza mkono mara moja. Wenye nyumba wakisikia harufu ya petroli usiku, wasiwashe kiberiti wala swichi ya taa. Wafungue milango, watoke wote, na wasukume pikipiki nje ikiwa hakuna moto karibu. Moto ukishawaka, pikipiki iachwe, watu watoke, na msaada uitwe kupitia 999 au 112.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye pikipiki kuukuu, ufa mara nyingi ni gaskiti, klipu au kipande cha mpira. Jumamosi moja, nusu saa koki ikiwa imefungwa na nusu saa ikiwa wazi, inatosha kujua ni kipi.