Senti 9 na dola 12,50: arondi isiwe maficho

Maneno ya timu ya hesabu mbele ya wanamemba, Butembo



Leo hatusemi juu ya barabara wala juu ya maji. Tunasema juu ya tablo yetu ya Excel. Musicheke. Sisi njo tunasimama mbele ya komine na kuuliza: feza ya raia ilienda wapi? Basi siku raia anatuuliza sisi, tunapaswa kumujibu bila kutetemeka.

Na tuliulizwa. Tulipokusanya feza ya kusaidia familia zilizokimbia vita, tulituma orodha ya kila mtaa kwenye kundi letu la WhatsApp. Mama mmoja anayeuza unga sokoni alishika simu yake, akajumlisha mistari yote ya mtaa wake, kisha akaandika: "Tablo yenu inasema dola 10,71. Mimi napata 10,80. Senti 9 ziko wapi?" Wengine kati yetu walimukalipia, eti anatafuta ugomvi juu ya senti 9. Tulikosa. Mama yule alifanya kazi ile ile tunayoomba kila raia afanye.

Tuangalie hizo senti 9. Watu 30 walitoa kila mmoja franka 1 000. Tulihesabu dola moja kwa franka 2 800. Ukigawa 1 000 kwa 2 800 unapata 0,357142… na namba zinaendelea tu. Excel ilionyesha 0,36, juu tuliiomba desimali mbili. Lakini ndani ya kisanduku iliendelea kushika namba nzima. Inapojumlisha, inajumlisha ile ya ndani: dola 10,71. Mama alijumlisha ile ya macho: 0,36 mara 30, dola 10,80. Hakuna aliyeiba, na mama hakukosa hesabu. Tablo yetu ilionyesha namba moja na kuhesabu nyingine.

Kuna anayesema: tieni ARRONDI kwenye kila mstari, =ARRONDI(B2/2800;2), mambo yameisha. Ndiyo, hapo jumla itakuwa 10,80 na hakuna atakayeuliza. Lakini ndani ya sanduku muna franka 30 000, haziongezeki. Ukienda kuzibadilisha kwa bei ile, 10,80 hautaipata. ARRONDI ni nzuri pale mstari wenyewe ni malipo ya dola na senti, sawa vile feza inayotumwa kwa simu. Hapo senti 36 ni senti 36 kweli. Lakini kama watu walitoa franka, andika franka, jumlisha franka, na ubadilishe mara moja tu, kwenye mstari wa mwisho. Andika pia bei ya dola ya siku ile, ili kila mtu aweze kurudilia hesabu.

Sasa musikilize muzuri, juu hapa njo kuna jambo kubwa.

Kisha maneno ya senti 9, tulizoea kujibu kila swali kwa neno moja: "Ni arondi." Kwenye tablo ya matumizi, yenye mistari 40, jumla ya chini ilipungua dola 12,50 kuliko feza iliyotoka kweli. Mmoja wetu akasema: "Ni arondi tu, tuache." Tulikaribia kuacha.

Arondi iko na mpaka, wandugu. Ukikata kwenye senti, mstari mmoja hauwezi kudanganya zaidi ya nusu senti. Mistari 30: senti 15 kwa wingi. Zile senti 9 za mama zinaingia humo. Mistari 40: senti 20 kwa wingi. Dola 12,50 haiingii humo hata ukiisukuma.

Tukatafuta mstari kwa mstari. Tukapata malipo ya pikipiki yameandikwa 12.50, na nukta, wakati Excel yetu ya Kifaransa inataka koma. Ikayachukua kuwa maandishi, na SOMME inaruka maandishi bila kusema kitu. Alama ilikuwa mbele ya macho yetu: namba zote zilikaa kuume kwa kisanduku, ile moja ilikaa kushoto. Safari hii ilikuwa ni nukta. Siku nyingine inaweza kuwa mukono wa mtu. Anayesema "ni arondi" bila kupima mpaka anafungulia mlango vyote viwili.

Beba kipimo hiki unapofungua tablo za serikali. Tuseme tablo imeandikwa kwa mamilioni ya dola, na desimali moja. Hapo nusu ya kipimo haiko tena nusu senti: ni dola 50 000 kwa kila mstari. Mistari 20 inaweza kuficha hadi dola milioni moja, na chini yake wakaandika "juu ya arondi". Kwa hiyo tusiombe karatasi tu. Tuombe faili yenyewe, namba nzima. Kanuni ya madini ya 2018 inalazimisha makampuni kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Kata desimali kwenye ile 0,3 na itaonekana 0. Kwa watu wa kule, ile desimali ni shule na ni zahanati.

Basi kuanzia leo, kwetu: franka zinabaki franka. Bei ya dola inaandikwa. Chini ya kila tablo tunaandika idadi ya mistari na tofauti kubwa ambayo arondi inaweza kuleta. Ikizidi hapo hata senti moja, hatutumi tablo, tunatafuta. Na mtu akiuliza juu ya senti 9, anapewa hesabu, hapewi matusi.

Mama yule tulimurudia, tukamuomba musamaha, tukamuonyesha franka 30 000 na mugawanyo wake. Akajibu: "Sasa nimeelewa. Na ile ya matumizi?"

Tukamuonyesha na ile pia.