Marudio ya Hisabati Yaanze Februari, Yasisubiri Oktoba

(Maneno tuliyoyasema mbele ya kamati za parokia, wazazi na wafadhili waliokutana Mbangala, Wilaya ya Songwe, Mkoa wa Songwe)



Wapo waliotembea tangu alfajiri, na wapo walioacha shamba la ufuta likiwa na magugu. Hatutawachosha kwa mambo mengi. Tumekuja kuzungumza jambo moja, nalo ni somo la hisabati katika mtihani wa Kidato cha Nne. Na tunaanza kwa kukiri kosa.

Kosa letu

Kwa miaka kadhaa kamati yetu ilikuwa na desturi. Ikifika Oktoba, tunachangisha. Wafadhili wanatuongezea. Tunanunua mchele, maharage na mafuta ya jenereta, tunawakusanya watahiniwa ukumbini kwa wiki tatu, na tunampa mwalimu posho awafundishe hisabati mchana na usiku. Tuliiita kambi. Tulikuwa tukipita jioni, tunaona ubao umejaa na madaftari yamejaa, tunarudi nyumbani tumeridhika. Kisha tunawaandikia wafadhili taarifa nzuri.

Matokeo yalipotoka Januari, wengi waliokuwa wakipata F walibaki na F. Tulimlaumu mwalimu, tukawalaumu watoto, tukalaumu shule kukosa walimu wa kutosha. Siku moja binti mmoja aliyeshindwa alituletea daftari lake la kambi. Lilikuwa safi, mwandiko mzuri, kurasa zote zimejaa maswali yaliyokokotolewa hadi mwisho. Tukamwuliza, sasa ulishindwaje? Akatujibu kwamba ndani ya daftari lile hakuna hata swali moja alilolifanya yeye. Yote aliyafanya mwalimu ubaoni, yeye akanakili.

Tulinyamaza. Tulikuwa tumegharimia wiki tatu za kunakili. Tunalisema wazi leo kwa sababu fedha zile zilikuwa zenu.

Jambo lenyewe ni zito

Hatuko peke yetu katika shida hii. Kati ya mwaka 2019 na 2022, takwimu za Baraza la Mitihani la Tanzania zilionyesha kwamba takribani mtahiniwa mmoja tu kati ya watano nchini ndiye aliyefaulu Hisabati ya Kidato cha Nne. Mwaka 2023 na 2024 hali ilipanda kidogo, ikawa takribani mmoja kati ya wanne. Hata hivyo, watatu kati ya wanne walitoka mikono mitupu.

Kwa mtoto wa Mbangala hiyo si takwimu ya gazetini. Tunaishi katika wilaya ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa New Luika ulianza kuzalisha mwaka 2012, na wachimbaji wadogo tunao kila upande. Anayetaka kusomea ufundi, uuguzi, uhasibu au ualimu wa sayansi mara nyingi anaulizwa hisabati. Asiyekuwa nayo anakwenda kugonga mawe, na binti mara nyingi anaolewa kabla hajajua alitaka kuwa nani. Wala hatuidharau kazi ya mikono, kwani ndiyo iliyotulea. Tunachotaka ni kwamba mtoto aichague mwenyewe, asisukumwe na F.

Alama 30 ziko wapi?

Ndugu wajumbe, wengi wetu tunaogopa hisabati hata kuitaja. Lakini hesabu ya ufaulu wenyewe ni nyepesi. Kwa muundo uliotumika miaka ya karibuni, mtihani huwa na maswali 14 na muda wa saa 3. Sehemu A ina maswali 10, kila moja alama 6. Sehemu B ina maswali 4, kila moja alama 10. Jumla ni alama 100. Daraja D huanzia alama 30, C huanzia 45, B huanzia 65 na A huanzia 75.

Maana yake ni nini? Mtoto anayefanya maswali matano ya Sehemu A kwa usahihi amekwisha kufikisha 30. Aliyepata 18 katika jaribio la shule amepungukiwa alama 12 tu, yaani maswali mawili. Huyo si wa kukatiwa tamaa. Anayehitaji kuongeza maswali mawili tangu Februari hadi Novemba anaweza.

Liko jambo jingine. Maelekezo ya mtihani yanamtaka mtahiniwa aonyeshe njia yote ya ukokotoaji. Mtoto anayeandika jibu tupu, likiwa na kosa, hana cha kumtetea. Aliyeandika hatua zake anaweza kupata alama za hatua zilizo sahihi hata kama alipotea mwishoni. Basi tuwazoeze kuandika hatua, mstari kwa mstari, tangu nyumbani. Tena wazoee kufanya bila kikokotoo, kwa sababu chumba cha mtihani huo hakikuwa kikiruhusu kikokotoo. Wazoee pia muda. Swali la alama 6 lina kama dakika 10, na la alama 10 lina kama dakika 18. Likikugomea, liache, nenda lingine, utalirudia.

Namna ya kurudia

Baada ya somo lile la daftari tulikaa na walimu, tukasoma, tukabadilisha utaratibu. Tumeshika mambo matatu.

Kwanza, mtoto afanye mwenyewe. Mwalimu akikokotoa mfano mmoja ubaoni, anaufuta. Kila mwanafunzi anafunika daftari na kuufanya upya kwenye karatasi tupu. Atakwama, na hapo alipokwama ndipo mwalimu anapohitajika. Kutazama mtu akikokotoa ni kama kutazama mtu akiogelea. Unaona kila kitu, na ukitupwa majini unazama.

Pili, maswali yachanganywe. Zamani tulikuwa na wiki ya seti, wiki ya vekta, wiki ya takwimu. Ndani ya wiki ya seti kila mtoto alijua seti, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufikiri. Lakini karatasi ya mtihani haimwambii mtahiniwa kwamba hili tumia kanuni fulani. Kazi ya kwanza ni kulitambua swali. Watafiti wawili wa Marekani, Rohrer na Taylor, walilionyesha jambo hili mwaka 2007. Waliwapa wanafunzi wa chuo maswali ya ujazo wa maumbo mbalimbali. Kundi moja lilifanya aina moja hadi iishe, ndipo likahamia nyingine, na kundi la pili lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili asilimia 60. Wiki moja baadaye walipojaribiwa, la kwanza lilipata asilimia 20 na la pili asilimia 63. Ndugu zetu, hiyo ndiyo kambi yetu. Watoto walionekana wanajua kwa sababu tuliwauliza kile walichokuwa wamemaliza kukiona.

Tatu, makosa yahifadhiwe. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, maana jambo hili Mbangala inalijua kuliko vyuo vikuu. Mchimbaji akishapitisha mchanga kwenye mwalo na kutoa dhahabu ya kwanza, hautupi mchanga ule. Anauweka kando, na tunauita marudio. Baadaye unasafishwa tena, kwa sababu dhahabu imebaki mle. Basi, karatasi ya jaribio iliyojaa alama nyekundu ni marudio. Mtoto anayeichana au kuificha chini ya godoro ametupa dhahabu.

Kila mwanafunzi wetu sasa ana daftari la makosa. Analiandika swali alilokosa, anaandika kwa maneno yake alikosea wapi, kisha analifanya upya bila kutazama. Analirudia tena baada ya siku tatu, baada ya wiki moja, na baada ya mwezi mmoja. Akilipata mara zote, analipigia mstari.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara amenunua gunia la mahindi kwa shilingi 60,000 akaliuza kwa shilingi 75,000. Faida yake ni asilimia ngapi? Faida ni 15,000. Wengi hugawanya kwa 75,000, wakapata asilimia 20. Sivyo. Faida hupimwa kwa mtaji uliotoka mfukoni, yaani 60,000, na jibu ni asilimia 25. Mtoto aliyekosea hapo haandiki tu kwamba jibu ni 25. Anaandika: niligawanya kwa bei ya kuuzia badala ya bei ya kununulia. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kurasa kumi za kunakili.

Mfano huo huo unatukumbusha kikwazo kingine. Mtoto wa shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili, akijua faida, hasara, riba, kipenyo na pembetatu. Sekondari anaviona vitu hivyo hivyo kwa Kiingereza, na wengine wanashindwa swali si kwa kukosa hesabu bali kwa kukosa neno. Kwa hiyo kurasa za nyuma za daftari la makosa zina safu mbili, neno la Kiingereza na maana yake kwa Kiswahili. Mtoto anaongeza maneno matano kila wiki.

Walimu nao tunawakumbusha kwamba Baraza la Mitihani hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Inaonyesha, swali kwa swali, watahiniwa walikosea wapi, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabaya. Inapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza. Hayo ni marudio ya nchi nzima, yamekusanywa tayari. Kamati yenye simu moja na mtu mmoja wa kuipakua inaweza kuwafikishia walimu wa kata nzima.

Mzazi asiyejua hisabati

Mama mmoja alituuliza, mimi nimeishia darasa la nne, nitamsaidiaje mwanangu? Tulimjibu kwamba anaweza kufanya mambo manne bila kujua hesabu hata moja. Ampe mtoto dakika 40 kila jioni zisizokatizwa na maji wala kuni, na hasa binti, maana yeye ndiye anayeitwa kila mara. Amwombe daftari la makosa aone kama lina tarehe za wiki hii. Amwambie, nieleze ulivyofanya, kwa sababu anayeweza kumweleza mama yake ameelewa, na anayebabaika amejua pa kurudia. La nne ni kwamba asimwambie kamwe kuwa katika ukoo wetu hisabati haipandi.

Na baba anayempeleka kijana mwaloni kila Jumamosi, tunamsihi ampe asubuhi hiyo moja.

Tunachowaomba

Tunaomba mambo matatu.

Kamati za parokia, fungueni ukumbi kila Jumamosi kwa saa mbili kuanzia Februari, si kwa Kidato cha Nne tu, bali na Kidato cha Pili, maana shimo huanza kuchimbika mapema. Muwe na mjumbe mmoja wa kuandika mahudhurio na kukagua madaftari ya makosa.

Wafadhili wetu, fedha zile zile za kambi ya wiki tatu tunaomba zitawanywe mwaka mzima. Badala ya mchele na mafuta ya jenereta, zinunue madaftari makubwa, mikebe ya hisabati, vitabu vya majedwali, nakala za mitihani iliyopita na taa za sola za kuazimana. Posho ya mwalimu nayo itolewe kidogo kidogo kwa kila Jumamosi. Tunajua kambi inapendeza kwenye picha, na mtoto mmoja anayefuta na kuandika upya kwenye kona ya ukumbi haipendezi sana. Hata hivyo, ndiyo picha tutakayowaletea, pamoja na matokeo yakiwa mazuri au mabaya. Hatutawaandikia tena taarifa ya madaftari yaliyojaa.

Vijana, ninyi tunawaomba jambo dogo. Leo jioni chukueni karatasi ya jaribio la mwisho, tafuteni swali moja mlilokosa, mlifanye upya bila kutazama. Moja tu. Kesho lingine.

Binti yule wa daftari safi aliamua kujiandikisha tena kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anakuja kila Jumamosi. Daftari lake la sasa lina madoa, mistari iliyokatwa na kurasa zilizokunjwa pembe, na tunaamini ndilo daftari bora tulilowahi kuligharimia.