Sekunde Isiyodanganya: Mapigo ya Saa ya Kujitengenezea

(Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu. Mlio wa saa ya ukutani: tik, tik, tik.)

Leo nazungumza nawe mwenye kisanduku cha vipuri chini ya kitanda, unayetaka kujitengenezea saa ya namba. Kuwasha taa za namba si kazi ngumu. Kazi ni sekunde. Nani ataiambia saa yako kwamba sekunde moja imepita?

Mimi nilianza vibaya. Saa yangu ya kwanza niliitengeneza kwa chipu ya 555, rezista na kapasita. Kapasita ikijaa na kupungua, saa inahesabu. Asubuhi ilikwenda vizuri. Mchana, bati liliposhika moto, vipuri vile vilibadilika na mapigo yakawa ya polepole. Usidharau kosa la asilimia 1. Siku ina sekunde 86,400. Asilimia 1 yake ni sekunde 864, zaidi ya dakika 14. Baada ya siku tatu saa yangu ilikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika 40. Siku ya mgao, jirani yangu aliitazama akaona bado mapema. Alipofika, foleni ilikuwa imefungwa. Alirudi na mfuko mtupu, watoto wanamngoja. Hakunilaumu. Nilijilaumu mwenyewe.

(Muziki mfupi.)

Mjini, saa nyingi za umeme huhesabu mawimbi ya umeme wa gridi, ambayo katika nchi zetu ni 50 kwa sekunde. Sisi tuna sola, na umeme wa betri ya sola umetulia, hauna mawimbi ya kuhesabu. Inabidi tutafute mapigo yetu wenyewe.

Mapigo hayo yamo ndani ya saa mbovu ya ukutani. Ifungue. Utaona kimrija kidogo cha chuma, karibu sawa na punje ya mchele, chenye miguu miwili myembamba. Ndani yake mna kristali ya kwatzi iliyokatwa kama uma wa meno mawili. Ikipewa umeme hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kwa nini namba hiyo? Igawe kwa mbili, kisha tena kwa mbili. Ukifanya hivyo mara 15, unabaki na 1. Hiyo ndiyo sekunde yako.

Chipu ya 4060 inagawa mara 14. Chukua kalamu, andika.

Moja: umeme wa volti 5 uingie mguu wa 16. Mguu wa 8 na wa 12 iende kwenye hasi.

Mbili: kati ya mguu wa 10 na wa 11 weka rezista ya megaomu 10.

Tatu: mguu mmoja wa kristali uende mguu wa 11. Mguu wake wa pili uende mguu wa 10 kupitia rezista ya kiloomu 330. Usiiache rezista hii, ndiyo inayoilinda kristali.

Nne: kila mguu wa kristali upate kapasita ya pikofaradi 22 kwenda hasi.

Mguu wa 3 utakupa mapigo 2 kwa sekunde. Yapitishe kwenye chipu ya 4013 iliyofungwa kugawa kwa mbili, upate pigo 1. Unapotia lehemu, fanya haraka. Miguu ya kristali haipendi moto wala kukunjwa.

(Mlio wa saa ya redio.)

Sasa ipime. Ukisikia milio ya saa kamili redioni, linganisha. Andika tofauti kwenye karatasi, kisha rudia baada ya siku 10 kwa redio ileile na stesheni ileile. Kristali ya kawaida hukosea kama sekunde 2 kwa siku, takriban dakika moja kwa mwezi. Ukitaka zaidi, badala ya kapasita moja weka ile ya kuzungusha kwa bisibisi, unayoweza kuipata kwenye redio ya zamani. Saa ikikimbia, ongeza kapasita. Ikichelewa, punguza. Zungusha kidogo, kisha subiri siku nyingine 10. Joto la bati bado litaichelewesha, lakini hata kwenye nyuzi 40, ni chini ya sekunde moja kwa siku.

Ndugu msikilizaji, saa yako ikiwa ukutani, si yako peke yako. Mwenye dawa ya kila saa nane ataitazama. Mtoto wa mtihani ataitazama. Mama wa mgao ataitazama. Basi usiitundike kabla hujaipima.

Tuonane kipindi kijacho. Kaa salama.

(Muziki wa kufungia.)