Hasara ya Butiki ni ya Nani? Muuzaji na Wajibu wa Mwenye Mali, Kasongo na Kabambare

Mada iliyotolewa katika semina ya wauzaji na wafanyabiashara, Kasongo



Nimeombwa niseme juu ya malalamiko ya wafanyakazi wa maduka dhidi ya waliowaajiri. Nimeuza dukani kwa miaka, kwanza hapa Kasongo mjini, kisha katika tawi la Kabambare, na niliondoka kwa ugomvi. Nyumba ile ya biashara sitaitaja, kwa kuwa kesi yangu nayo si mada ya leo. Mada ni jambo nililoliona humo na ambalo wenzangu wameliona kwingine: hasara ya biashara inatwikwa mshahara wa muuzaji. Faida inapokuja ina mwenyewe. Hasara inapokuja, anatafutwa mtu wa kuibeba.

Sote tunajua mali inavyofika huku. Inatoka Bukavu, Uvira au Kalemie kwa lori, na barabara ikikatika wakati wa mvua inamalizia safari kwa pikipiki na kwa baiskeli zinazosukumwa kwa mikono. Msimu mmoja tulipokea chumvi na sukari iliyolala njiani, turubai limechanika. Gunia la chumvi likilowa linatiririka usiku kucha. Asubuhi sakafu ni nyeupe na gunia limelegea. Sukari nayo inaganda, ukiigonga kwa nyundo nusu yake inakuwa vumbi ambalo hakuna mama atakayelinunua. Dereva aliondoka na karatasi inayosema mali imefika kamili, kwa sababu magunia yalihesabiwa, hayakupimwa. Mwisho wa mwezi wakaja kuhesabu stoki. Kilichopungua kikaandikwa mbele ya jina langu, kikageuzwa dola kwa bei ya kuuzia, wala si ile ya kununulia, kikakatwa kwenye mshahara wangu wa faranga mwezi baada ya mwezi. Ndugu zangu, tazameni vizuri hesabu hiyo. Patroni hakurudishiwa mali yake tu, alilipwa hata faida ya chumvi ambayo haikuuzwa kwa mtu yeyote. Aliyemlipa ni mimi.

Sheria ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haikubali hivyo. Kanuni ya Kazi, yaani sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016, imetaja sababu ambazo mwajiri anaruhusiwa kukatia mshahara: kodi, mchango wa hifadhi ya jamii, avansi aliyokwisha kuitoa, na chache nyingine. Mvua haimo. Turubai lililochanika halimo. Na hata pale muuzaji anapodaiwa kitu alichokabidhiwa, swali la kwanza ni alikabidhiwa nini, kwa uzito gani, mbele ya nani. Aliyeiba ashitakiwe, mimi sitamtetea mwizi. Lakini kuhesabu stoki bila muuzaji kuwapo, kisha kumwita ili aonyeshwe deni lake, huko si kumshitaki mtu. Ni kumhukumu kabla hajasikilizwa.

Nasikia wazee wakisema: wewe kijana, huku si Kinshasa, duka ni la familia. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe, na nataka tukae hapo kidogo. Wengi wetu tuliletwa dukani na baba mdogo au mjomba. Hakuna mkataba, kwa sababu mtoto wa nyumbani haandikishiwi mkataba. Hakuna saa za kazi, kwa sababu mtoto wa nyumbani anaamka na nyumba. Unafungua saa 12 asubuhi, unafunga saa 1 jioni, siku sita; hata ukitoa saa moja ya kula, ni saa 72 kwa juma, na sheria inasema 45. Usiku unalala juu ya magunia uwe mlinzi, na ulinzi huo hauna malipo. Siku ya hesabu ya stoki, ghafla wewe si mtoto tena. Ni mdaiwa. Undugu huu unatumika pale unapompunguzia patroni gharama tu, na mimi nausema wazi kwamba unatuharibia familia zetu kuliko mahakama yoyote. Mjomba anayemwandikia mpwa wake karatasi ya kazi hajamkana.

Na anayedhani kukosa karatasi kunamwokoa mwajiri amekosea. Pasipo maandishi, sheria inamruhusu mfanyakazi kuthibitisha kazi yake kwa njia yoyote: mwandiko wake katika daftari la mauzo, ujumbe wa pesa kwenye simu, wateja waliomkuta kaunta miaka yote. Mkataba wa namna hiyo unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo.

Kuhusu kiwango cha mshahara sitasema mengi, maana namba zinajisemea. Mwaka 2018 serikali iliweka kima cha chini cha faranga 7,075 kwa siku, na mwaka 2025 ikakipandisha hadi 14,500. Kwa siku 26 za kazi hiyo ilikuwa faranga 377,000 kwa mwezi. Kila muuzaji aliyeketi hapa anajua anachopokea.

Hifadhi ya jamii inaniuma zaidi. Mchango wa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi hiyo, ni asilimia 18 ya mshahara: mfanyakazi hutoa 5, mwajiri hutoa 13, na ndani yake mna pensheni, posho ya watoto na bima ya ajali kazini. Mimi nilikatwa zile 5 kwa miaka. Nilipofika Kindu, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, kuuliza habari zangu CNSS, jina langu halikuwamo katika orodha yao. Pesa iliyotoka mfukoni mwangu haikufika, na zile 13 za mwenye duka hazikuwahi kutoka. Muuzaji akiangukiwa na marobota ya vitenge leo akavunjika mguu, nani atamlipia?

Nilipoomba nionyeshwe hesabu ya makato yale, niliambiwa niache funguo mezani. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoachishwa, kwa mdomo, mbele ya wateja. Sheria inadai barua yenye sababu halali, na notisi isiyopungua siku 14 za kazi, inayoongezwa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Aliyetumikia miaka 4 anastahili siku 42. Anastahili pia cheti cha utumishi kinachoonyesha kazi aliyoifanya na tangu lini hadi lini. Bila cheti hicho unaondoka na uvumi tu, na katika mji kama huu uvumi kwamba fulani alikula stoki unatosha kumfungia milango yote ya avenyu.

Haki inataka niseme na upande wa pili. Biashara ya Kasongo tangu zamani inasimama juu ya mali ya mkopo. Hata Tippu Tip, mfanyabiashara wa zamani aliyeufanya mji huu kituo chake, alikopeshwa bidhaa na Taria Topan wa Unguja. Wafanyabiashara wetu wanalipa vizuizi njiani, na upande wa Salamabila wenye silaha wameshapora mizigo mingi. Hasara yao ni ya kweli. Lakini yule aliyechagua kuagiza mali kwa njia hiyo, na aliyepanga bei akijua hatari zake, ndiye mwenye mali. Muuzaji hakushauriwa.

Kumwangushia muuzaji hasara asiyoichagua si jambo jipya. Wazee wanaikumbuka Zairianisasi, iliyotangazwa tarehe 30 Novemba 1973. Maduka ya wageni yaligawiwa wenye majina, wengi wao wakauza kilichokuwa rafuni na hawakuagiza kingine. Mabwana waliingia na kutoka, na aliyekuwa nyuma ya kaunta akabaki na rafu tupu. Kenya nako, Nakumatt, lililokuwa duka kubwa kuliko yote nchini humo, lilikabidhiwa kwa msimamizi mwaka 2018 na wadai wakapiga kura livunjwe Januari 2020. Uongozi ndio ulioliingiza kwenye madeni, na wafanyakazi wakapoteza kazi na kudai mishahara.

Ninayopendekeza hayahitaji mtaji. Mali inapofika ipimwe kwa mizani mbele ya dereva, muuzaji na mwakilishi wa mwenye mali, na karatasi itiwe sahihi na wote watatu, kila mmoja abaki na nakala. Stoki isihesabiwe bila muuzaji. Malipo yaandikwe, na kila kilichokatwa kiandikwe na sababu yake. FEC, shirikisho la wafanyabiashara wa Kongo, ingeweza kuwagawia wanachama wake daftari la namna hiyo, na naomba wawakilishi wake waliopo hapa watujibu leo kama watakubali.

Kwa wale waliokwisha kuondolewa: dai la mshahara linakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku ulipostahili kulipwa, na madai mengine mengi ya mkataba baada ya miaka 3. Hamwendi mahakamani moja kwa moja. Lazima kwanza mkaguzi wa kazi aziite pande zote mbili kwa usuluhishi, na akishindwa ndipo kesi inapokelewa. Kwa hiyo baada ya kikao nitakaa pale mlangoni. Mwenye daftari la zamani, mwenye ujumbe wa simu, mwenye shahidi, aje tuandike kwa pamoja barua zetu kwa mkaguzi wa kazi wa Kindu kabla mwaka haujapita.