Msimfukuze kabla hajapimwa

Maneno yaliyotolewa na mwuguzi mmoja wa kike mbele ya viongozi wa wakimbizi wa vita na wa familia zinazowapokea, teritware ya Kalehe, Kivu ya Kusini

Wazee wa kambi, wamama, wababa, na ninyi wenyeji mliotupokea!

Ninasema «mliotupokea» kwa sababu mimi pia ni mkimbizi. Nilitoka Masisi na watoto wangu, na nyumba ninayolala ni ya familia ya hapa. Kwa hiyo sisemi kama mgeni aliyeteremka kwenye gari la msaada.

Juma lililopita kamati ililetea kituo cha afya karatasi yenye majina 11 ya wanawake. Iliandikwa kwamba wanalala nje, wanasafiri bila sababu, wanauza miili yao na kuleta magonjwa. Familia zinazotupokea zinalalamika kwamba vijana wao wanaugua, na sisi wakimbizi tunaogopa tufukuzwe wote kwa ajili ya wachache. Mliniomba niweke sahihi yangu kama mtu wa afya ili waondolewe. Sikuiweka. Leo nimekuja kueleza kwa nini. Mnivumilie, maana mambo mengine nitayaita kwa majina yake mbele ya wakwe na wazazi.

Kwanza, tuwajue ni nani. Katika hao 11, wengi ni wamama wenye watoto. Walikimbia wakaacha shamba la mihogo na maharagwe, na bwana mwingine alibaki njiani au alikufa. Msaada wa chakula ukichelewa, mama anapanda pikipiki mpaka Nyabibwe au Numbi kwenye machimbo. Mwingine anashuka Minova siku ya soko, anapanda mtumbwi kwenda Goma au Bukavu, anakaa siku kumi, anarudi na unga na ada ya shule. Ninyi mmekula unga huo pamoja na watoto wake. Tunamwita malaya, lakini mchimbaji, dereva, askari na mfanyabiashara waliomlipa hatuna jina la kuwaita. Hata katika karatasi yenu hakuna jina la mwanamume hata mmoja.

Sasa mnasema: akiondoka, ugonjwa umeondoka. Tukumbuke Kamituga. Huo ni mji wa dhahabu katika teritware ya Mwenga, humu humu Kivu ya Kusini. Mwaka 2023, kuanzia Septemba, palionekana pale mpox ya namna mpya, na kati ya wagonjwa wa kwanza walikuwemo wanawake wanaouza miili katika nganda na wanaume waliokuwa nao. Watu wa machimbo hawatulii mahali pamoja. Walioambukizwa walisafiri, wengine walirudi kwao. Ugonjwa ukafika Bukavu, ukafika Goma, ukaingia katika makambi ya wakimbizi yaliyokuwa kandokando ya Goma. Katika Julai 2024 ulionekana Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari kwa dunia nzima. Tangazo hilo liliondolewa Septemba 2025. Kati ya wagonjwa wa inchi yetu watoto walikuwa wengi sana, watoto ambao hawajui lolote juu ya nganda.

Mwanamke unayemfukuza akiwa mgonjwa hafi njiani. Anafika kambi nyingine, au anajificha kwa shangazi yake kijiji cha pili. Huko hatasema anaumwa wapi, kwa kuwa hapa aliposema mlimfukuza.

Ninasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilifukuza mtu. Si kwa karatasi, kwa mdomo. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika kituo cha afya cha sehemu ya machimbo. Alikuja dada mmoja, alikuwa akipita tu, kesho yake anaendelea na safari. Alininong'oneza kwamba ana kidonda sehemu za siri, hakimuumi. Nilikuwa nimechoka, watu walikuwa wengi, nikamwambia kwa sauti: «Ninyi wa nganda mje mchana, asubuhi ni ya wamama wajawazito.» Benchi nzima ikageuka. Dada akatoka. Alikwenda famasi, akauziwa vidonge vinne, kidonda kikapona chenyewe, akaamini amepona. Kilikuwa kaswende. Kidonda cha kaswende hupona hata usipotibiwa, lakini ugonjwa unabaki ndani ya damu. Miezi mingi baadaye alirudi akiwa na mimba ya miezi saba, na mtoto alitoka amekufa. Alikuwa mjamzito, asubuhi ilikuwa yake. Kipimo cha kaswende ni tone la damu ya kidole, na dawa yake ni sindano ya penisilini. Vyote vilikuwa katika kabati nyuma ya mgongo wangu.

Ndiyo maana sikuweka sahihi.

Niwaambie sasa mambo ambayo mwanamke anayesafiri anapaswa kujua. Ninyi viongozi myasikie, kisha mwafikishie kwa heshima.

Kubwa ni hili: asingoje kuumwa. Kisonono, kile ambacho wengi huita sopisi, humchoma mwanamume akikojoa, lakini kwa wanawake wengi hakina dalili yoyote. Vilevile klamidia. Virusi vya sida hukaa miaka bila kujionyesha. Kwa hiyo anayebadilisha wanaume na miji apimwe kila miezi 3, awe Bukavu, awe Numbi, awe hapa. Kinachohesabiwa ni kalenda, si mahali. Na ajue kwamba kipimo cha haraka cha VIH kinaweza kukosa maambukizo ya majuma ya karibuni. Akipimwa leo baada ya kapoti kupasuka jana, jibu la leo linaeleza mambo ya zamani tu. Arudie baada ya miezi 3.

Kila mara anaposafiri huanza upya mbele ya mganga asiyemjua, ambaye hajui alipewa dawa gani Goma. Kwa hiyo abebe fishi yake mwenyewe. Karatasi ndogo, jina moja tu au namba, tarehe, alichopimwa, jibu, dawa aliyopewa na siku ngapi. Aikunje ndani ya plastiki pamoja na pesa zake. Asiyejua kusoma aibebe vilevile, mganga atasoma. Nimeona fishi moja ya namna hiyo ikiokoa siku tano za kubahatisha.

Vituo vyetu vingi havina labo ya kutambua kila kijidudu. Tunatibu kwa kufuata dalili: kama uchafu unatoka, tunatoa dawa za magonjwa mawili au matatu kwa pamoja. Inafaa, lakini asiye na dalili anapita bila dawa. Kwa hiyo akifika mji wenye hospitali yenye labo, aombe vipimo kamili. Na aache famasi za njiani zinazouza sipro vidonge vinne. Kisonono cha siku hizi kimeizoea hiyo dawa. Dawa anayopewa kituoni aimalize, na mwanamume wake wa kudumu atibiwe pia, la sivyo wanarudishiana.

Kapoti: moja, si mbili juu ya nyingine. Mbili zinasuguana na kupasuka. Asitumie mafuta ya mawese wala vazelini, yanaharibu mpira. Asiziweke mfukoni chini ya jua siku nzima juu ya pikipiki. Kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au dawa za majani ili «kukausha» hakusafishi kitu, kunachubua na kufungulia mlango virusi. Wamama, hili wengine tulifundishwa na bibi zetu, najua. Tuliache. Kwa mpox kapoti haitoshi, kwa sababu inaambukiza kwa kugusana ngozi. Mwenye vipele na homa asisafiri, aje kituoni.

Kuna pia vidonge vya kuzuia VIH kwa asiye nayo, vinaitwa PrEP. Kwa mwanamke humezwa kila siku, na vinahitaji siku 7 kabla ya kumkinga vizuri. Haviko kila mahali, lakini aulize. Na yule ambaye tayari ana VIH, safari yake ina hatari nyingine, kuishiwa dawa. Kabla ya kuondoka aombe dawa za miezi 3, na akikimbia vita bila kitu abebe hata kopo tupu. Kopo hilo linamwambia mganga wa mahali pengine ampe nini. Anayemeza dawa kila siku mpaka virusi havionekani tena katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Narudia kwa ajili ya wale mnaonong'ona pale nyuma: hamwambukizi. Sisemi hali ni rahisi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwezi huohuo vita viliingia Goma. Vituo vingi vilikosa dawa. Ndiyo maana ninasema aombe mapema, si siku kopo limeisha.

Sasa jambo zito. Wanawake hawa wanashikwa kwa nguvu barabarani na kwenye barieri kuliko wengine, na wakilalamika wanaambiwa: si ndiyo kazi yako? Kulazimishwa ni kulazimishwa, hata kwa anayelipwa siku nyingine. Afike kituoni kabla ya masaa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Atapewa dawa za kuzuia VIH za siku 28, hata kama zinamtia kichefuchefu azimalize. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi siku 5. Masaa 72 ni siku tatu, na siku moja huishia kutafuta mtu wa kumsindikiza. Kama prezida wa kambi ndiye aliyeandika jina lake katika karatasi, nani atamsindikiza?

Mtoto wa chini ya miaka 18 hayumo katika mazungumzo haya ya biashara. Msichana wa miaka 15 anayepewa pesa na mtu mzima anaharibiwa, na huyo mtu mzima ndiye wa kushtakiwa. Hali kadhalika yeyote, awe mwenzetu wa kamati au mtu wa shirika, anayedai mwili ili atoe jetoni ya chakula. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, Beni na Butembo, watu wa misaada walifanya hayo, na tume ya uchunguzi iliyaandika wazi Septemba 2021. Yakitokea hapa, msiyamalize kwa mbuzi.

Mzee mmoja aliniuliza asubuhi kama ninataka kanisa libariki dhambi. Baba, kanisa ni lako, sitakufundisha. Ninakuuliza kitu kidogo tu: Jumapili, unapotaja magonjwa haya, wataje na wanaume. Na sheria ya inchi yetu ya tarehe 14 Julai 2008 inasema kupimwa VIH ni kwa hiari na jibu ni siri. Hakuna kiongozi, wa kambi wala wa kijiji, mwenye haki ya kudai jibu la mtu. Kamati haiwezi kusema «alete karatasi ya VIH ndipo akae». Akiileta leo kwa kuogopa, kesho nusu ya kambi hawataingia kituoni.

Ninachowaomba ni hiki. Karatasi ya majina 11 ichomwe, na ichomwe na kamati yenyewe, siyo mimi. Kasha la kapoti liwekwe karibu na vyoo, upande wa wanaume na wa wanawake, pasipo mlinzi wa kuangalia nani anachukua. Wenyeji na wakimbizi wachague wamama wawili, mmoja kila upande, ambao dada yeyote anaweza kuwagongea usiku. Na wababa wenye vijana wanaougua wawalete wapimwe, badala ya kumlaumu mkimbizi. Kituo kimekubali kufungua mlango wa nyuma alasiri mara mbili kwa juma, kwa kila mtu, mume au mke, bila kuuliza anatoka wapi. Hivyo hakuna atakayejua nani amekuja kwa kitu gani, hata mwenye malaria atapita hapo.

Nimekuja na fishi 60 tupu na vipimo vya VIH na kaswende. Baada ya mkutano nitakaa ndani ya darasa la pili, lile lenye pazia, hadi saa kumi na moja. Nitapima mmoja mmoja. Mimi nimeshapimwa asubuhi, fishi yangu ndiyo namba 1. Prezida, ukitaka, namba 2 ingali wazi.