Gemu kubwa kuliko zote za PlayStation ni ya mpira

Tangu kampuni ya Sony ilipoanza kuuza PlayStation huko Japani, tarehe 3 Desemba 1994, wapenzi wa gemu hawajaacha kubishana ni ipi kati ya gemu za mashine hiyo iliyoacha alama kubwa zaidi. Majina yanayotajwa ni karibu yaleyale kila mara. Final Fantasy VII ya mwaka 1997, ambayo ilijaza diski tatu na kuonyesha kwamba gemu inaweza kusimulia hadithi ndefu kama riwaya. Gran Turismo ya mwaka huohuo, ambayo baadaye ilizaa mashindano ya kuwatafuta madereva wa kweli, mpaka kijana Mwingereza Jann Mardenborough akatoka kwenye kiti cha gemu na kukimbia Le Mans mwaka 2013. Metal Gear Solid, Shadow of the Colossus, The Last of Us. Ubora wa kazi hizo siupingi. Ninachopinga ni kipimo. Wanaopanga orodha hizo wanauliza gemu gani iliwafundisha watengenezaji wengine. Ukiuliza gemu gani iliwashika wachezaji, ukapanga muda wao na urafiki wao, na ukaliuliza swali hilo hapa Kolwezi, katika Manika au Dilala, utapata jibu moja: gemu ya mpira. Kwanza Winning Eleven ya Konami, ile ambayo Ulaya waliiita Pro Evolution Soccer, halafu FIFA ya Electronic Arts.

Tuanze na namna mashine yenyewe inavyotumika kwetu. Orodha za Ulaya na Marekani zimejengwa juu ya mchezaji mwenye mashine yake, televizioni yake, na usiku mzima wa kukaa peke yake. Katika miji yetu ya shaba, kijana wa kawaida amekutana na PlayStation ndani ya chumba cha kulipia, kwenye benchi, akiwa na wenzake, akilipa faranga kwa mechi moja moja. Chumba cha namna hiyo kina sheria zake, na sheria hizo huchagua gemu kabla mchezaji hajachagua. Hadithi ya saa kumi na tano haiwezi kuuzwa kwa dakika kumi. Aliyeianza leo hana uhakika kesho ataikuta pale alipoiacha, wala umeme haumwahidi kufika mwisho wa sura. Mazungumzo yake ni ya Kiingereza, na asiyeielewa lugha amekosa nusu ya utamu. Tena anayecheza ni mmoja, na waliobaki wanakodoa macho tu. Mpira hauna kizuizi hata kimoja kati ya hivyo. Maneti za kushika mkononi ni mbili, wapinzani wamekaa bega kwa bega, mshindi anabaki na aliyefungwa anapisha. Hata menyu ikiwa ya Kijapani, vidole vinajua pa kwenda. Mtoto wa miaka tisa ambaye hajawahi kusoma neno la Kiingereza anajua kuotea ni nini, anajua penalti ni nini, kwa sababu amevijua uwanjani kabla ya kuvikuta kwenye kioo. Na wale waliokaa kungoja zamu hawangoji bure: wanashangilia, wanahukumu, wanamzomea kipa. Huko ndiko gemu ilikogeuka kuwa jambo la mtaa mzima.

Hata watengenezaji wenyewe walijua. PlayStation 2 ilitoka Machi 2000 na ikauzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Mwaka 2013, wakati Sony inaingiza PlayStation 4 sokoni, Konami na Electronic Arts walikuwa bado wanatoa mpira mpya kwa ajili ya ile mashine ya miaka kumi na mitatu nyuma. FIFA 14 na Pro Evolution Soccer 2014 ni kati ya gemu za mwisho kabisa za PlayStation 2. Kampuni haitengenezi diski kwa mashine iliyokufa. Mpira uliiweka hai, na uliiweka hai kwa ajili ya watu wasio na fedha ya mashine mpya, ambao ndio sisi. Lazima pia tuseme wazi kwamba diski nyingi zilizotufikia zilikuwa za kunakiliwa. Sony ilichagua diski wakati Nintendo iling'ang'ania kaseti kwa mashine yake ya mwaka 1996; diski ilikuwa rahisi kutengeneza, kwa hiyo ikawa rahisi kuiba. Simtetei mwizi wa kazi ya mwenzake. Lakini anayepima athari hawezi kuufumbia macho mlango ambao sehemu kubwa ya Afrika iliingilia.

Kuna watakaosema: mpira huo si wa Sony, ni wa Konami na Electronic Arts, basi hauwezi kuhesabiwa kama kazi ya mwenye mashine. Pingamizi hili halisimami. Final Fantasy VII ni ya Square. Metal Gear Solid ni ya Konami hiyohiyo. Hizo zinapokelewa kwenye orodha bila neno, kwa sababu kila mtu anafahamu kwamba nguvu ya PlayStation tangu mwanzo ilikuwa kuwafungulia mlango watengenezaji wa nje. Mlango huo ulikuwa mmoja kwa wote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kupendwa na wengi si sawa na kuacha athari. Ni kweli. Mchezo unaweza kuchezwa na mamilioni ukasahaulika bila kubadilisha kitu. Lakini mpira umebadilisha, na kwa ubaya pia. Mwaka 2009 Electronic Arts ilianzisha Ultimate Team, ambamo mchezaji anatoa fedha kununua pakiti ya kadi bila kujua ndani atamkuta nani. Biashara ya namna hiyo imeenea katika gemu za kila aina, hadi Ubelgiji mwaka 2018 ikaamua kwamba kuuza bahati kwa fedha ndani ya gemu ni kamari, na Electronic Arts ikalazimika mwaka uliofuata kuacha kuuza huko pointi zake za kununulia pakiti hizo. Hakuna hadithi ya joka wala ya upanga iliyofikisha mambo kwenye sheria za nchi kwa kiasi hicho. Chumba cha Kolwezi chenye diski na kisicho na intaneti kilikwepa mtego huo, jambo ambalo wazazi wanaolaumu vyumba hivi hawalitaji. Lawama yao ya watoto kukimbia darasa ni ya haki, na mwenye chumba anayempokea mwanafunzi aliyevaa sare saa nne asubuhi hana utetezi.

Pingamizi la mwisho linatugusa sisi kuliko yeyote, na sitaki kulipita haraka. Mtu wa jimbo letu la Lualaba ana haki ya kuuliza: mnabishana nini kuhusu gemu, wakati alama halisi ya Sony kwetu iko ardhini? Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantali, madini yatumikayo ndani ya mashine kama hizi, ilipanda ghafla, koltani ya Kivu inayotoa tantali hiyo ikawa mali ya wenye bunduki, na kuna walioiita vita ile vita ya PlayStation. Jina hilo linazidisha. Vita hiyo ilianza Agosti 1998, PlayStation 2 ikiwa haijatoka, na tantali ilinunuliwa vilevile na watengenezaji wa simu na kompyuta. Mashine ilikuwa na fungu lake, haikuwa chanzo. Kwetu huku habari ni ya kobalti. Sony ndiyo iliyoingiza sokoni betri ya kwanza ya lithiamu-ioni, ile inayochajiwa, mwaka 1991, na betri ile ilijengwa kwa kobalti. Maneti ya PlayStation 2 ilikuwa na waya. Kuanzia PlayStation 3, mwaka 2006, waya ukaondoka na betri ya lithiamu ikaingia. Mwaka 2014 watu wa Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi, walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao. Januari 2016 Amnesty International ikaitaja Sony, pamoja na Apple na Samsung, kati ya kampuni zilizoshindwa hata kufanya ukaguzi wa kawaida kujua kobalti yao imechimbwa na nani, watoto wakiwemo.

Nakubali, basi: kama swali ni kampuni yenyewe imetufanyia nini, betri inashinda gemu zote kwa mbali. Lakini hapo ndipo hoja yangu inapozidi nguvu. Kijana wa Kasulo anahesabiwa kila mara dunia inapozungumza juu ya madini: picha yake inapigwa, umri wake unaandikwa. Dunia hiyohiyo ikikaa kuzungumza juu ya gemu, hayumo. Anayechimba hana nafasi ya kuwa na ladha, hana nafasi ya kumfunga jirani yake mabao matatu na kujua kwa nini pasi ile ilikuwa nzuri. Orodha isiyo na Winning Eleven inamfuta mtu huyo mara ya pili. Mimi sikubali mkono unaochimba uhesabiwe, na mkono huohuo ukishika maneti usihesabiwe.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa vijana wanaosoma informatiki hapa Kolwezi na Lubumbashi. Mwaka 2016 Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa Aurion, gemu ya hadithi iliyochota katika tamaduni za Afrika, na ilifanya kazi ya heshima. Ninyi tengenezeni inayoingia katika chumba chetu: watu wawili, kioo kimoja, dakika kumi, bila intaneti, maneno yake Kiswahili. Anzeni na Mazembe dhidi ya Lupopo, mahasimu wa Lubumbashi. Wachezaji wapo tayari, wamekaa kwenye benchi, wanangoja zamu.